Denoise ya Lightroom, PureRAW au darktable: ipi isafishe chenga za harusi ya usiku?

Chenga ni zile punje na madoa yanayotapakaa kwenye picha iliyopigwa penye mwanga hafifu, na programu hizi tatu za kompyuta huzisafisha. Jibu fupi kwanza, kwa wasio na subira. Kama tayari unalipia Lightroom Classic ya Adobe, tumia Denoise iliyomo ndani yake na usinunue kitu kingine. Kama hulipii Adobe na kompyuta yako ina kadi ya michoro ya maana, DxO PureRAW ndiyo inayosafisha vizuri zaidi kuanzia ISO 6400 kwenda juu, tena unailipia mara moja. Kama mfuko hauruhusu, darktable ni ya bure na mpaka ISO 3200 haina aibu yoyote. Lakini kama chenga zako zinatokana na kupiga kwa lenzi ya f/5.6 chini ya turubai la buluu, pesa ya programu itangulie kwenye lenzi ya 50mm f/1.8. Tutaona sababu.

Kipimo cha tathmini hii ni kazi ya kawaida ya mpiga picha wa Mombasa. Ukumbi wa harusi baada ya Isha, jukwaa limemulikwa kwa LED za zambarau, bibi harusi ana hina mpaka viwikoni, na safu za nyuma zimejaa mabuibui meusi. Ama chakula cha jioni chini ya paa la makuti kule Nyali, ambako flashi ukiielekeza juu haikurudishii kitu ila umanjano. Ama Mji wa Kale usiku, mlango wa nakshi na taa moja ya mtaani. Kazi zote hizo ni ISO 3200 hadi 12800, shata 1/100 au 1/125, na faili za RAW, yaani data ghafi ya sensa kabla kamera haijaigeuza JPEG. Anayepiga JPEG peke yake asome zaidi zile sehemu za mwanga, kwa maana programu mbili za kulipia zinazozungumziwa hapa zimetengenezwa kwa RAW.

Kabla ya kuzigusa programu, tuelewane chenga zinatoka wapi, kwa sababu nusu ya malalamiko kuhusu programu hizi ni ya picha ambazo haziwezi kusafishika. Wengi huilaumu ISO. ISO kazi yake ni kukuza kilichokwisha kuingia; mwenye lawama ni mwanga mchache. Mwanga hufika kwenye sensa ukiwa fotoni mojamoja, na fotoni hazifiki kwa mpangilio. Pikseli inayostahili fotoni 100 itapata 92, jirani yake itapata 109, na tofauti hiyo ndiyo chenga unayoiona. Ukubwa wa mtawanyiko ni kipeuo cha pili cha idadi: kwenye fotoni 100 ni 10, yaani vurugu ya asilimia 10 ya mwanga wa pikseli hiyo, kwenye fotoni 10,000 ni 100, yaani asilimia 1 tu. Ndiyo maana chenga hukaa kwenye vivuli na kwenye buibui, huku kanzu nyeupe ya picha hiyohiyo ikionekana safi.

Sasa rudi kwenye lenzi. Namba ya f ikipungua, tundu la lenzi linapanuka: kutoka f/5.6 hadi f/1.8 mwanga unaongezeka karibu mara 10. Picha iliyohitaji ISO 6400 kwa lenzi ya kit (ile inayouzwa pamoja na kamera) iliyovutwa mpaka mwisho itapigwa kwa ISO 640 hivi, kwa shata ileile. Hakuna programu inayokupa tofauti hiyo bila kula kitu kwenye picha. Kasoro ya f/1.8 ni kwamba kina cha ukali ni kifupi: bibi na bwana wakikaa pamoja jukwaani lakini mmoja akiwa nyuma kidogo, mmoja wao atakuwa ukungu. Kwa wawili tumia f/2.8, na kwa ukoo mzima washa flashi.

Kosa la pili, na hili limeenea kuliko la lenzi, ni kupiga giza makusudi kwa kuogopa ISO. Mtu anaweka ISO 1600 akijisifu, picha inatoka na upungufu wa stopu mbili (robo ya mwanga unaotakiwa), kisha anaivuta kwenye Lightroom. Mwanga uliofika kwenye sensa ni uleule ambao ungefika kwa ISO 6400, na chenga ni zilezile. Kwenye kamera kadhaa za Canon za kizazi cha 5D Mark II na 6D matokeo huwa mabaya zaidi, kwa sababu saketi za kusomea sensa zinaongeza chenga zao ukiwa ISO ya chini, na vivuli vikivutwa hutoka na michirizi. Michirizi ya namna hiyo ni adui mbaya wa programu zote tatu. Programu hutafuta vitone vilivyotawanyika ovyo; ikiona mistari iliyonyooka inadhani ni nyuzi za kitambaa, na inaitunza kwa uangalifu mkubwa. Pandisha ISO kwenye kamera, itazame histogramu (grafu ya mwanga wa picha, giza kushoto na weupe kulia), na acha kilicho cheupe kabisa, iwe kanzu au shela, kikaribie ukingo wa kulia bila kuugonga. Kanzu ikishaungua hairudi.

Rangi ya taa ndiyo inayowachanganya wengi. Chini ya LED ya zambarau, mwanga wa kijani ni kidogo mno, na kijani ndiyo nusu ya pikseli za sensa ya kawaida. Chini ya balbu ya manjano, kinachokosekana ni buluu. Ukirekebisha rangi ili uso uonekane wa binadamu, programu inaukuza ule mfereji wa rangi wenye njaa mara mbili au tatu, na chenga zake zinakuzwa pamoja nao. Matokeo yake picha ya ISO 3200 chini ya taa hizo inakuwa na madoa ya rangi kama ya ISO 12800. Dawa ni kumwomba fundi wa taa awashe nyeupe dakika 15 za picha rasmi za jukwaani. Wengi hukubali wakiombwa kabla ya shughuli kuanza. Wakiombwa katikati, huwa ugomvi.

Na michirizi ya mlalo, minene, inayobadilika kutoka picha moja hadi nyingine, hiyo si chenga kabisa. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za bei nafuu zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Shata ya 1/400 inadaka robo tu ya mpepeso. Weka 1/100 au 1/50. Taa za jukwaa zinazopunguzwa mwanga kielektroniki zina mpepeso wao wenyewe, nazo 1/100 haizitoshi kila mara. Piga moja ya kujaribu, ikuze kwenye kioo cha kamera, kisha ubadilishe. Hakuna Denoise inayoondoa jambo hili.

Sasa programu zenyewe.

Denoise ya Lightroom ilitoka Aprili 2023, na ndiyo iliyobadilisha kazi ya harusi kuliko nyingine, kwa sababu tu imo ndani ya programu ambayo watu wengi tayari wanaitumia. Haikwangui chenga baada ya picha kutengenezwa. Inafanya kazi kwenye data ya RAW, hatua ileile ambayo rangi za pikseli zinaunganishwa, kwa kutumia mtandao wa neva uliofunzwa kwa picha nyingi zenye chenga na zisizo na chenga. Ndiyo maana inatofautiana mbali na zile slaida za kizamani za Luminance na Color.

Slaida yake ni moja, Amount, na inaanza kwenye 50. Hamsini ni nyingi kwa uso wa mtu. Kwenye ISO 3200 weka 25 hadi 30. ISO 6400 weka 35 hadi 40. ISO 12800 ndipo uende 50, na ukivuka 60 ngozi inageuka nta. Ngozi nyeusi iliyo kivulini inadhurika upesi kuliko iliyo kwenye mwanga, kwa sababu vinyweleo na mistari yake midogo ina tofauti ndogo ya mwanga kuliko chenga zenyewe, na programu haina njia ya kujua kipi ni kipi. Ukiona shavu limekuwa tambarare huku kope zimechongeka kwa ukali wa ajabu, shusha Amount. Usijaribu kuirudisha ngozi kwa Texture, utakuwa unachora upya.

Mahali pazuri pa kuipimia ni mkono wenye hina. Ukuze mpaka asilimia 100 na utazame ile mistari myembamba kwenye vidole, inapokutana na kucha. Kwenye Amount ya 35 mistari inabaki na kingo zake, na ule wekundu unaofifia pembeni unaonekana. Ukipandisha mpaka 70, mistari miwili iliyokaribiana inaungana kuwa mmoja, na vile vitone vidogo vya kujazia maua vinapotea au vinakuwa vistari. Bibi harusi aliyekaa saa nzima akipakwa ataliona hilo kabla hujaliona wewe. Kipimo cha pili ni kofia ya mkono: matundu ya nakshi zake yana ukubwa unaokaribiana na chenga, kwa hiyo ikisafishwa kupita kiasi inakuwa kitambaa kitupu. Cha tatu ni maandishi ya leso kwa mbali. Programu hizi hazijui kusoma. Herufi ambayo chenga zimeila nusu inaweza kurudishwa ikiwa na umbo safi ambalo si herufi yoyote.

Utaratibu unaofaa ni huu. Chagua kwanza picha utakazompa mteja, wala usisafishe kadi nzima. Kwenye Library, tumia kichujio cha Metadata na safu ya ISO Speed, uzikusanye za ISO 1600 na zaidi. Zilizo chini ya hapo zinatosheka na slaida za kawaida. Zirekebishe mwanga na rangi kwanza, kwa sababu picha iliyokuwa giza ikishavutwa inaonyesha chenga ambazo hukuziona. Kisha Denoise. Masks za AI (kuchagua sehemu za picha kwa akili bandia) na kufuta vitu vije baada ya hapo. Vinategemea pikseli zilivyo, na ukivitanguliza vitahitaji kuhesabiwa upya. Slaida ya Luminance iache kwenye 0. Mwisho gusa Sharpening: Amount 40 inatosha, na slaida ya Masking ivute huku umeshika Alt mpaka mandharinyuma yawe meusi na mistari ya uso na nguo pekee ibaki nyeupe.

Matoleo ya awali yanatengeneza faili ya pili, DNG (aina ya RAW ya Adobe), yenye maneno Enhanced-NR kwenye jina lake, na hapa ndipo diski za watu zilipolia. Faili hiyo huweza kuwa mara tatu au nne ya RAW yake. RAW 300 za megabaiti 25 ni gigabaiti 7.5, DNG zake kwa megabaiti 90 kila moja ni gigabaiti 27, na hiyo ni harusi moja. Tangu masasisho ya katikati ya 2025 Denoise inafanya kazi ndani ya picha bila kuzaa faili ya pili, kwa hiyo kama bado uko kwenye toleo la zamani, hiyo peke yake ni sababu ya kusasisha.

Udhaifu wake mkubwa ni njaa ya kadi ya michoro. Kadi yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 inafanya picha kwa sekunde. Laptopu ya ofisi isiyo na kadi yake yenyewe inaweza kuchukua dakika kadhaa kwa picha moja. Piga hesabu: picha 300 kwa dakika 3 kila moja ni saa 15. Kwa sekunde 20 kila moja ni saa moja na dakika 40. Kabla ya kuahidi siku ya kukabidhi albamu, safisha picha moja, tazama saa, uzidishe. Laptopu inayofanya kazi hiyo chumbani bila feni, kwa joto letu la Februari na Machi, itajipunguza mwendo ili isiungue, na makadirio ya mwanzo hayatakuwa na maana tena. Iinue miguu ya nyuma, ielekezee feni, na usiiweke juu ya godoro. Na stima ikikatika katikati ya kundi, betri inayosukuma kadi ya michoro haifiki mbali. Yagawe makundi ya picha 50.

Kwa aliye na laptopu ya namna hiyo, slaida za kawaida bado zina kazi. Color ikae 25 hadi 40, Luminance 20 hadi 30, Detail 50. Ondoa madoa ya rangi yote, ziache punje za mwanga. Jicho linasamehe punje za kijivu, haliwezi kusamehe madoa ya kijani na urujuani kwenye shela.

Gharama: mpango wa wapiga picha wenye hifadhi ya terabaiti 1 ni dola 19.99 kwa mwezi kwa bei ya Marekani, na kwa kiwango cha shilingi 130 hivi kwa dola ni kama shilingi 2,600. Ukiacha kulipa, Lightroom Classic inafunguka na picha unaziona, lakini Develop, sehemu ya kuhariri, inafungwa. Ndani ya mpango huo pia imo Photoshop, na hiyo ndiyo inayobadilisha hesabu kwa wapigaji wa majengo. Mlango wa nakshi hauendi popote. Weka kamera kwenye miguu mitatu, piga picha 16 zinazofanana, kisha kwenye Photoshop fuata File, Scripts, Load Files into Stack, utie tiki kwenye masanduku yote mawili ya chini, halafu Layer, Smart Objects, Stack Mode, Mean. Chenga zinapungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya picha: 4 zinakupa nusu, 16 zinakupa robo. Hakuna kinachobuniwa wala kufutwa. Kila mchongo wa mlango na kila tundu la jiwe la matumbawe kwenye ukuta wa Fort Jesus linabaki lake. Ukichagua Median badala ya Mean, wapita njia na tuktuk waliopita katika picha chache wanatoweka pia. Kwa vitu visivyotikisika, njia hii inazishinda programu zote tatu. Canon nyingi zina kitu cha kufanana ndani ya kamera, Multi Shot Noise Reduction, kinachounganisha picha 4, ila kinatoa JPEG tu.

DxO PureRAW. Kampuni ni ya Ufaransa, na mbinu yake ya DeepPRIME ilitangulia Denoise ya Adobe. Ilitoka 2020 ndani ya PhotoLab, kisha PureRAW ikaja 2021 kama programu ya kazi hiyo peke yake. Unaipa RAW, inakurudishia DNG iliyosafishwa na kunyooshwa kasoro za lenzi, unaendelea kuihariri unakotaka.

Kwenye ISO 6400 tofauti yake na Denoise ni ndogo, na mteja hataiona. Kwenye 12800 na 25600 inaonekana, hasa kwenye nywele, nyuzi za dhahabu za magauni, na vivuli vya nguo nyeusi ambavyo Lightroom huviacha na ukungu wa rangi. Kwa mwenye kamera ya zamani yenye sensa ya APS-C (ndogo kuliko ile ya full-frame), hii ndiyo programu inayoirefushia maisha. Kamera lazima iwe kwenye orodha yao, kwa hiyo hakikisha kwanza kwenye tovuti yao. Kamera isiyokuwepo haifanyi kazi kabisa, hata kwa dawa. Moduli za lenzi zinapakuliwa kwa intaneti mara ya kwanza, basi zipakue nyumbani kabla ya kwenda kazini.

Kuna DeepPRIME ya kawaida na ile ya XD. XD inavutia kwenye matangazo, lakini kwa watu itumie kwa hadhari: pale ambapo chenga zimemeza kila kitu, inapenda kuchora mistari midogo kama minyoo, na utaiona kwenye ndevu na kwenye mandharinyuma yaliyo ukunguni. Tumia ya kawaida kwa nyuso, XD kwa ukumbi, mapambo na majengo. Ukali wa lenzi uweke kiwango cha chini kabisa, na DNG ikifika Lightroom shusha Sharpening ya huko, wala usiwashe tena marekebisho ya lenzi. Ukali ukitiwa mara mbili, kila kofia inakuwa na ukingo mweupe pembeni. Usiipe DNG iliyokwisha kupita Denoise. Inataka RAW ya asili.

Bei yake imekuwa ikikaa karibu na dola 120, yaani shilingi 15,600 hivi, sawa na miezi sita ya Adobe. Toleo jipya hutoka na utaombwa ulipie tena kupandisha, lakini la zamani halizimwi. Kinachokera ni kwamba kila kitu kinapitia DNG kubwa, kwa hiyo lile tatizo la diski liko palepale, na njaa ya kadi ya michoro ni ileile.

darktable inastahili heshima kuliko inayopewa. Ni ya bure, inakimbia kwenye Windows, Mac na Linux, na moduli yake ya denoise profiled inajua kiasi cha chenga cha kamera yako kwa kila ISO, kwa sababu waundaji na watumiaji wake wamezipima kamera mojamoja. Iwashe, maana haijiwashi yenyewe. Chagua wavelets, na rangi iwe Y0U0V0. Hapo utakuwa na mikondo miwili tofauti. Mkondo wa U0V0 unashughulikia rangi, uinue bila huruma. Mkondo wa Y0 unashughulikia mwanga, ushushe mpaka punje kidogo zibaki. Nguvu ianze kwenye 1. Kisha hifadhi mpangilio huo kama preset inayojitumia yenyewe kwa picha za ISO 1600 hadi 6400. Darktable inaweza kutambua kamera, lenzi na ISO na kuiweka bila kuguswa. 

Inapishana na zile mbili kuanzia ISO 6400. Hesabu zake ni za kawaida, hazikisii kilichofichwa na chenga, hivyo hina yako itakuwa laini kidogo lakini haitakuwa na mstari wa uongo. Kwa picha za habari au za ushahidi, huo si udhaifu. Laptopu dhaifu pia inaihimili. Tatizo ni kujifunza: majina ya moduli yametungwa na watu wanaopenda hesabu, na wiki mbili za mwanzo utatamani kuiacha.

Tovuti za bure za kusafisha picha tusizipe nafasi kabisa kwenye kazi hii. Picha za kupamba, ile shughuli ya wanawake peke yao, ni za wanawake wasiojifunika mbele ya wenzao, na mpiga picha alikabidhiwa kwa sharti kwamba hazitoki. Kuzipandisha kwenye seva usiyoijua ili tu ziwe laini ni kuvunja amana. Programu zote tatu zinafanyia kazi ndani ya kompyuta yako. Kwa Adobe, chagua Lightroom Classic; ile Lightroom nyingine imejengwa juu ya hifadhi ya mtandaoni na picha asilia zinaweza kupanda huko.

Kuhusu menyu za kamera: High ISO NR kwa kawaida inagusa JPEG tu, basi mwenye RAW aiweke Low ili kioo kisimdanganye. Long Exposure NR ni jambo jingine. Inapiga picha ya pili ya giza kwa muda uleule na kuitoa kwenye ya kwanza, ili kuondoa vitone vyekundu na vyeupe vinavyoletwa na joto la sensa. Mkondo wa giza, yaani umeme unaovuja kwenye sensa hata bila mwanga, huongezeka mara mbili takriban kila nyuzi 6 hadi 8 zinapoongezeka, na kamera iliyoshinda kwenye gari lililoegeshwa juani inaanza kazi ikiwa tayari na moto. Kwa picha za sekunde 30 za meli zikiingia Kilindini, ukiwa Mama Ngina, iwashe na ukubali kusubiri sekunde 30 nyingine. Kwa harusi izime. Na kamera ikitoka kwenye kiyoyozi cha gari, ikae ndani ya mkoba uliofungwa dakika 20 au 30; ukungu kwenye lenzi unaua ukali, na Denoise ikipewa picha isiyo na ukali inazidi kuilainisha.

Mwisho, usihukumu kwa asilimia 200. Picha ya pikseli 6000 kwa 4000 ikipunguzwa kuwa 1500 kwa 1000 kwa ajili ya simu, kila pikseli mpya imetokana na 16 za zamani, na chenga zimepungua kwa robo tatu kabla hujafanya lolote. Albamu ya inchi 12 kwa 12 kwa pikseli 300 kwa inchi inataka pikseli 3600 kila upande. Hapo chenga za ISO 3200 hazionekani kwenye karatasi, ilhali ngozi iliyosafishwa kupita kiasi inaonekana sana. Zinazokwenda kuchapishwa zipe Amount pungufu ya zile za simu kwa 10 hivi, na uombe fundi wa maabara akutolee ukurasa mmoja wenye buibui na kanzu kabla hajatoa albamu nzima.